Degedege ni malaria? Jinsi jina la ugonjwa linavyoamua mtoto apelekwe wapi

Neno "homa" lina kazi nyingi katika vijiji vyetu. Mtu aliyeshinda Kiwangwa shambani akipalilia mananasi, jioni akasikia viungo vinamuuma, atasema ana homa. Mwenye mafua ana homa. Mtoto aliyechemka mwili usiku ana homa. Na mwenye malaria, kabla hajapimwa, naye ana homa.

Lakini mtoto yuleyule mwenye homa akikakamaa, akageuza macho na kuanza kutikisika mwili mzima, jina linabadilika papo hapo. Nyumba nzima inaacha kusema homa. Inasema degedege.

Jina likibadilika, safari nayo inabadilika. Mwenye homa anapelekwa duka la dawa au zahanati. Mwenye degedege, kwa miaka mingi na katika familia nyingi za pwani, amepelekwa kwanza kwa mganga au kwa bibi anayejua dawa za miti. Wakati huo ugonjwa wenyewe, ndani ya mwili wa mtoto, unaweza kuwa ni uleule mmoja. Hapo ndipo saa zinapotea, na kwa malaria kali saa chache tu zinatosha kumpoteza mtoto.

Katika makala hii tunaeleza jambo ambalo watafiti wamelichunguza hapahapa katika wilaya ya Bagamoyo: majina tunayoyapa magonjwa, yanatoka wapi, na yanafanya nini mtoto anapougua. Tutaeleza pia kwa nini lawama zote haziwezi kutupwa kwa mama, na mwishoni tutataja mambo ya kufanya degedege likitokea nyumbani.

Utafiti usiotumia sindano

Tukisikia maneno "utafiti wa afya", wengi wetu tunafikiria mtu aliyevaa koti jeupe, darubini na chupa za damu. Bagamoyo tumewaona sana watu hao, kwa sababu Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake cha utafiti mjini Bagamoyo.

Lakini kuna utafiti wa aina nyingine. Mtafiti anakuja na daftari. Anakaa na wazee, na kina mama, na waganga, na wahudumu wa zahanati. Anauliza: mtoto akipata hivi mnaitaje? Inasababishwa na nini? Mlimpeleka wapi kwanza? Nani aliamua? Nauli ilitoka wapi? Anasikiliza, anaandika, anarudi tena mwezi unaofuata.

Hiyo ni kazi ya sayansi ya jamii na elimu ya utamaduni. Ndani yake wamo wanaanthropolojia, yaani wanaochunguza jinsi watu wanavyoishi na kuelewa maisha yao. Wamo wanahistoria, wataalamu wa lugha na wataalamu wa maadili. Wanaangalia ugonjwa kama jambo linalotokea ndani ya nyumba yenye baba, mama, bibi, deni na imani. Chembe za damu wanawaachia wenzao wa maabara, nao wanachunguza yaliyompata mgonjwa kabla hajafika maabara.

Vyandarua na maswali ya Bagamoyo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa vyandarua katika vijiji vya wilaya ya Bagamoyo. Wataalamu wa Muhimbili na wenzao kutoka Marekani walifanya kazi na vijiji kuuza vyandarua, kuvisambaza na kuvichovya kwenye dawa ya kuua mbu. Siku hizo chandarua chenye dawa hakikuwa kitu cha kawaida kama leo. Ilibidi kwanza watu waelezwe kina faida gani.

Kabla ya kueleza, waliamua kuuliza. Kama unataka kumwambia mama "chandarua kinazuia malaria", lazima kwanza ujue yeye akisikia neno malaria anaelewa nini. Timu hiyo, ambayo alikuwamo mtafiti Peter Winch, ilichunguza majina ya homa yanayotumika wilayani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996.

Walichokikuta ni hiki. Matangazo ya afya yalikuwa yakitumia maneno "homa ya malaria". Kwa wanakijiji wengi maneno hayo yalikuwa na maana yake maalumu: homa ya kawaida, mwili kuchoka, kichwa kuuma, ugonjwa unaokuja na kwenda na unaotibika kwa vidonge. Watu waliujua vizuri, na waliamini hospitali inauweza.

Lakini mambo 3 mabaya kabisa yanayoletwa na malaria mara nyingi hayakuhesabiwa kuwa ni homa ya malaria. La kwanza ni degedege la mtoto mdogo. La pili ni upungufu mkubwa wa damu, mtoto anapokuwa mweupe viganjani na kukosa nguvu. La tatu ni malaria kwa mama mjamzito. Mambo hayo yalikuwa na majina yake na sababu zake, na mara nyingine yalihusishwa na mashetani au uchawi.

Sasa fikiria, msikilizaji. Redio inatangaza: "Lala ndani ya chandarua uepuke homa ya malaria." Mama anasikia na kuelewa kila neno. Lakini kitu anachokiogopa kuliko vyote, degedege lililoua mtoto wa jirani, hakimo ndani ya tangazo hilo. Kwake yeye chandarua ni kinga ya ugonjwa mdogo. Tangazo lilikuwa la kweli, Kiswahili chake kilikuwa safi, na bado halikugusa mahali penye hatari.

Somo hilo linatuhusu hata sisi watu wa redio. Mtangazaji anaweza kusema neno ambalo kila mtu analijua, na bado yeye na msikilizaji wakawa wanazungumzia vitu viwili tofauti.

Mbu wa kelele na mbu wa malaria

Timu hiyohiyo iliangalia pia majira ya mwaka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Walitaka kujua watu wanaiona hatari ya malaria kuwa kubwa wakati gani.

Jambo hili tunalijua sote. Mbu wakiwa wengi na kelele nyingi masikioni, chandarua kinashushwa. Mbu wakipungua, joto likizidi, chandarua kinafungwa juu. Shida ni kwamba mbu wengi wanaotusumbua kwa kelele, hasa wale wanaozaliana kwenye vyoo na maji machafu, si wale wanaoeneza malaria. Malaria huenezwa na mbu aina ya anofelesi, na wachache tu wanatosha kuleta ugonjwa. Vilevile pwani yetu wagonjwa wa malaria huongezeka mvua za masika zinapokwisha, wakati mtu anaona mambo yametulia. Kupima hatari kwa kelele za mbu ni kupima kwa kipimo kisicho sahihi.

Dege na kivuli chake

Turudi kwenye degedege. Neno lenyewe linabeba ndege mkubwa, yaani dege. Katika maelezo ya wazee wengi wa pwani, ndege au shetani mwenye umbo la ndege hupita usiku, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anapatwa. Ndiyo maana anakakamaa na kurusha mikono kama mbawa.

Mtu asiyejua anaweza kucheka. Mtafiti mzuri hacheki. Anaona kwamba maelezo hayo yanajibu maswali ya kweli: kwa nini mtoto aliyekuwa anacheza jana, leo macho yamegeuka? Kwa nini inakuja ghafla? Kwa nini mtoto huyu na si yule?

Mwaka 1996 pia, A. M. Makemba na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi degedege lilivyotibiwa wilayani Bagamoyo. Waliandika bila dharau mambo yaliyokuwa yakifanyika: mama kumkojolea mtoto, mtoto kufukizwa kwa moshi wa kinyesi cha tembo, na kuogeshwa maji ya dawa za miti. Familia zilifanya hayo kwa haraka na kwa hofu, kwa sababu zilijua degedege linaua. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wakipigana, ila kwa silaha walizokuwa nazo.

Hospitali ina maelezo yake. Vimelea vya malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu. Aina inayoua zaidi huzifanya chembe hizo zinate kwenye mishipa midogo, hata ile ya ubongo, na damu haipiti vizuri. Mtoto anaweza kutikisika, kupoteza fahamu, na sukari mwilini ikashuka sana. Vimelea vikiendelea kuvunja chembe za damu, mtoto anaishiwa damu. Kwa hiyo degedege na mtoto kuwa mweupe viganjani yanaweza kuwa matawi ya mti mmoja.

Je, kila degedege ni malaria? Hapana. Mtoto anaweza kutikisika kwa sababu ya homa kali itokanayo na ugonjwa mwingine, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sukari kushuka, au kwa kifafa. Huwezi kujua kwa kumtazama. Kinachojulikana ni kwamba mtoto mwenye homa aliyepata degedege katika eneo lenye malaria kama letu ni mgonjwa wa dharura, na anatakiwa kupimwa na kutibiwa siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Sindano iliyoogopwa

Watafiti walikuta pia hofu moja kubwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania: kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano, anakufa. Wengi wenu mmewahi kuisikia.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtoto alianza kwa mganga, siku ikapita. Hali ilipokuwa mbaya kabisa ndipo akabebwa hospitali. Akafika amechelewa, akachomwa sindano, akafariki. Waliokuwepo waliona kwa macho yao: sindano, kisha kifo. Hawakuona vimelea vilivyokuwa vimefanya kazi tangu juzi yake. Mtoto wa pili akifa hivyohivyo, kijiji kizima kinakuwa na ushahidi wake. Na hofu inawafanya wengine wachelewe zaidi, na wakichelewa zaidi wanakufa zaidi. Ni duara.

Leo duara hilo ni la hatari zaidi, kwa sababu dawa bora ya malaria kali inatolewa kwa sindano. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, ukihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Kwa Tanzania, hospitali za Korogwe na Muheza zilishiriki, na huko ni mkoa jirani wa Tanga. Watafiti walilinganisha sindano ya kwinini na sindano ya atesuneti. Kwa kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, takriban 109 walifariki. Kwa kila watoto 1,000 waliopewa atesuneti, walifariki takriban 85. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto.

Maabara imetupa dawa inayookoa watoto 24 zaidi katika kila 1,000. Lakini dawa hiyo haifanyi kitu kwa mtoto ambaye bibi yake anaamini sindano itamuua. Hapo ndipo kazi ya mtafiti wa daftari inapokutana na kazi ya mtafiti wa darubini. Moja bila nyingine haifiki nyumbani.

Kosa si la mama peke yake

Kuna hatari ya kusoma yote haya na kusema: "Tatizo ni imani za watu wa vijijini." Mwanaanthropolojia Vinay Kamat alilichunguza suala hilo kwa miaka mingi huko Mbande, pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa Temeke, katika jamii ya Wazaramo. Aliandika kuhusu degedege mwaka 2008, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima kuhusu malaria na uhai wa watoto Tanzania.

Alisikiliza kwa makini masimulizi ya kina mama waliouguliwa na waliofiwa. Hoja yake kubwa ni kwamba kuchelewa hakuelezeki kwa imani tu. Mama anaweza kuamini kabisa kwamba hospitali ndiyo njia, lakini hana nauli. Au mume yuko mbali na uamuzi ni wake. Au alikwenda mapema, akaambiwa ni homa ya kawaida, akarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza homa, na baada ya siku 2 mtoto akazidiwa. Mama wa namna hiyo hakuchelewa. Njia yenyewe ilimrudisha nyuma.

Kuna pia jambo la dawa. Kwa miaka mingi klorokwini ndiyo ilikuwa dawa ya malaria nchini. Vimelea vikaizoea, ikawa haifanyi kazi vizuri. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha na kutumia SP. Nayo ikaanza kushindwa, na kufikia mwanzo wa 2007 nchi ilikuwa imehamia dawa ya mseto tunayoitumia sasa. Mtoto wa miaka ya 1990 aliyepewa klorokwini na asipone, mama yake alihitimisha nini? Kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Hitimisho hilo lilikuwa na mantiki, kwa sababu vidonge vilishindwa kweli. Historia ya dawa inatusaidia kuelewa kwa nini imani fulani iliendelea kuishi.

Ndiyo maana wataalamu wa fani hii husema uliza maswali mawili kila mara. La kwanza: mgonjwa na familia yake wanaelewaje ugonjwa? La pili: zahanati, barabara, mfuko na dawa vilikuwa na hali gani siku hiyo? Ukijibu la kwanza peke yake, utaishia kumlaumu mama.

Na mganga je?

Mganga hatoki kijijini kwa kutukanwa redioni. Sheria ya nchi inamtambua: kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Muhimbili ina taasisi ya utafiti wa dawa za asili iliyoanzishwa mwaka 1974. Na watu humwendea mganga kwa sababu anawapa muda, anawajua ukoo mzima, na anakubali kulipwa kidogokidogo.

Mwaka 2006 watafiti wa Kitanzania walichapisha utafiti kuhusu waganga na malaria kali kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya za Kilosa na Handeni, ambazo hali yake haiko mbali na yetu. Walikuta waganga wana nafasi kubwa katika ugonjwa wa degedege, na walishauri mafunzo na ushirikiano ili mganga amtambue mtoto wa hatari na kumpeleka hospitali bila kuchelewa.

Kwa familia hii ina maana ya vitendo. Ubishi kati ya bibi anayetaka dawa za miti na mama anayetaka zahanati unaweza kula usiku mzima. Jawabu moja ni kuacha kubishana kuhusu chanzo na kukubaliana kuhusu mpangilio: zahanati kwanza, sasa hivi. Dua na mengine yanaweza kufanyika njiani na baadaye, mradi mtoto hapewi kitu cha kunywa akiwa hana fahamu, na mradi hakuna kinachozuia safari.

Chanjo nayo inahitaji maneno

Mwezi Mei 2009 Bagamoyo iliingia katika historia ya dunia. Hapo ndipo watoto wa kwanza walipochanjwa katika hatua ya mwisho ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Majaribio hayo yalifanyika katika nchi 7 za Afrika yakiwa na watoto zaidi ya 15,000. Hapa nchini vituo vilikuwa viwili, Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wanaoishi katika maeneo ya malaria. Watoto wa wilaya hii walisaidia dunia nzima kupata jibu.

Jibu lenyewe linahitaji kuelezwa vizuri. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, ugonjwa wa malaria ulipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama 4 ya kufuatiliwa. Ni faida kubwa mahali ambapo mtoto mmoja anaugua mara kwa mara. Lakini neno "chanjo" vijijini linamaanisha kinga kamili, kama ya surua. Mzazi akiambiwa tu "hii ni chanjo ya malaria", mtoto akaugua mwezi unaofuata, atasema alidanganywa. Na akidhani degedege si malaria, hataona kwamba chanjo na chandarua vinahusika na degedege pia.

Kwa hiyo tunasema hivi: chanjo hupunguza malaria, haiimalizi. Chandarua kinabaki palepale.

Mtafiti akibisha hodi

Wilaya yetu imetafitiwa sana, na watu wana haki ya kuuliza: sisi tunapata nini? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1975 ulianza mradi ulioitwa Jipemoyo, upande wa magharibi wa wilaya ya Bagamoyo, ukiwashirikisha watafiti wa Tanzania na wa Finland. Miongoni mwao alikuwa Marja-Liisa Swantz, ambaye kabla yake aliishi Bunju miaka ya 1960 akijifunza maisha ya Wazaramo. Wazo la Jipemoyo lilikuwa kwamba wanakijiji wawe washiriki wa utafiti, wachangie kuamua maswali na kujadili majibu, badala ya kuwa watu wa kuhojiwa tu.

Wazo hilo lina nguvu hadi leo. Mtafiti akija kwako, awe wa damu au wa daftari, una haki ya kuuliza: Unatoka wapi, na kibali chako kiko wapi? Utafiti wa afya nchini unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili, kama ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Uliza pia: Damu hii ni ya kazi gani? Nikikataa, mtoto wangu atanyimwa huduma? Jibu la swali hilo la mwisho lazima liwe hapana. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho. Na mwulize mtafiti atarudi lini kuwaeleza alichokipata.

Mtoto akipata degedege

Mlaze mtoto kwa ubavu, mahali laini, mbali na moto na vitu vigumu. Legeza nguo zake. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Usimnyweshe maji, uji wala dawa mpaka azinduke kabisa. Usimshikilie kwa nguvu kuzuia kutikisika.

Kisha nenda zahanati au kituo cha afya mara moja, hata kama degedege limeacha lenyewe na mtoto amelala. Kulala huko kunaweza kuwa kupoteza fahamu. Ukifika, sema wazi: "Mtoto alikuwa na homa tangu siku fulani, leo amepata degedege." Mweleze mhudumu dawa zote alizopewa, hata za miti. Usifiche kwa kuogopa kusemwa. Mhudumu anahitaji kujua. Mtoto akipimwa na kuambiwa hana malaria, uliza sababu ya degedege ni nini basi.

Zahanati inaweza kumpa dawa ya kwanza na kumpa rufaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali, aliye mbali na hospitali, apewe atesuneti kwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Dawa hiyo inanunua muda. Haimalizi matibabu, kwa hiyo usirudi nyumbani ukiona amepata nafuu.

Usisubiri degedege ndipo uondoke. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayelala mno na haamki vizuri, anayehema haraka, au mweupe viganjani, ni wa kupelekwa siku hiyohiyo. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali.

Kuna jambo moja la kufanya kabla hakuna mgonjwa. Kaeni nyumbani, baba, mama na bibi, mkubaliane: mtoto akizidiwa usiku na baba hayupo, nani anaamua? Namba ya kijana wa bodaboda anayekubali kutoka usiku iko kwenye simu ya nani? Pesa ya nauli inakaa wapi? Mkubaliane pia kuhusu neno lenyewe, kwamba siku mtu wa nyumba hii akitamka degedege, maana yake ni safari ya zahanati. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya masika.